Iafoni za Bei Kali na Wimbo wa Kapkatet

 

Swali la leo limetoka Longisa, kwenye barabara ya Bomet kuelekea Narok. Aliyeuliza ni mpenzi wa muziki. Amejinunulia kicheza muziki cha mfukoni cha FiiO, ili simu ibaki na kazi ya simu na muziki uwe na chombo chake. Sasa anataka iafoni za kuingia ndani ya sikio, zile nzuri hasa, za kununuliwa mara moja zikae miaka. Anauliza achague zipi, na atajuaje kama zitapatana na kicheza chake.

Najua wapo watakaosema hayo ni maswali ya watu wa mjini, kwamba ukiwa na pesa za namna hiyo Longisa ununue ng'ombe wa maziwa. Sikubaliani nao. Mtu aliyelima, akachuma chai, akalipa karo ya watoto na kubakiwa na akiba yake ana haki ya kusikia muziki vizuri sawasawa na mtu wa Tokyo. Tena watu wa Bomet na Kericho wana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili, kwa kuwa muziki wao ulinaswa mapema na ukaenda mbali kuliko wengi wanavyojua.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika na kutumia maisha yake kunasa muziki wa bara hili, alifika Kapkatet, si mbali na Litein, akiwa na mashine yake ya kurekodi. Miongoni mwa nyimbo za Wakipsigis alizonasa kulikuwa na tatu zenye jina moja, Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimeletwa huku pamoja na gramafoni za Wazungu, watu wakamsikia, wakalibeba jina lake kwa matamshi yao, na hatimaye akawa kiumbe wa hadithi, nusu mtu na nusu swala. Katika wimbo wa tatu, ambao ndio unaopendwa zaidi kati ya hizo, sauti inayoongoza ni ya Chemutoi Ketienya, wasichana wenzake wanaitikia, na chini yao kinapigwa chepkong'o, kinubi cha Wakipsigis. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2014 maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilirudisha nakala za nyimbo hizo Kapkatet kwenyewe.

Baada ya Tracey, Kericho mjini kukawa na Chandarana, duka la muziki lililokuwa na studio yake, lililotoa santuri ndogo za benga, muziki wa magitaa, za Wajaluo, za Wakalenjin na za wengine. Santuri ndogo hubeba dakika chache kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za enzi hiyo zina sehemu ya kwanza na sehemu ya pili: upande mmoja unasikiliza maneno, unaigeuza, na upande wa pili magitaa yanaachiwa uwanja.

Nimeanza na historia hii kwa sababu mnunuzi wa iafoni za bei kali huponzwa sana na jambo moja, nalo ni kuzichagua kwa muziki wa watu wengine. Sifa nyingi unazozisoma kuhusu iafoni hizi zimeandikwa na watu waliozijaribu kwa piano, jazi na roki iliyonaswa katika studio za kisasa. Muziki huo hauna mkwaruzo wa santuri ya zamani. Hauna gitaa la besi la benga, ambalo halikai nyuma likidunda tu bali linakimbia na kuimba karibu sawa na gitaa la solo. Wala hauna wasichana wa Kapkatet mbele ya maikrofoni moja, mwaka 1950. Kama muziki wako ni huu, basi huu ndio mtihani. Iafoni ikishindwa kumbeba Chemutoi Ketienya, sifa zake nyingine hazikusaidii kitu wewe wa Longisa.

Sasa sikiliza jinsi wimbo wa Chemutoi unavyoweza kukupimia iafoni. Rekodi ile ni ya mkondo mmoja, yaani mono. Sauti inayokwenda sikio la kulia na inayokwenda la kushoto ni ile ile. Kwa hiyo ukizivaa iafoni nzuri, zimekaa sawa, mwimbaji anapaswa kusimama katikati kabisa ya kichwa chako. Fumba macho umtafute. Kama anaegemea kushoto, mara nyingi ni moja ya mambo mawili. Huenda upande wa kulia haujakaa vizuri sikioni, sauti inavuja. Au spika za pande mbili hazilingani, na hilo ni kosa la kiwandani. Badilisha pande: ya kulia ivae kushoto, ya kushoto ivae kulia. Mwimbaji akihama kwenda upande wa pili, tatizo liko kwenye iafoni au kwenye kicheza; likiwa la iafoni, una haki ya kuirudisha dukani. Akibaki pale pale, tatizo liko kwenye vipira au kwenye masikio yako mwenyewe, maana watu wengi wana sikio moja linalosikia kidogo kuliko jingine na hawajui. Hakuna kipimo cha bure kilicho bora kuliko hicho, na kinachukua dakika mbili.

Hilo la kukaa sikioni nataka nilikalie kidogo, kwa kuwa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Iafoni ya ndani hutegemea kuziba tundu la sikio. Isipoziba, besi yote inatoka nje, na mtu anabaki kulalamika kwamba amenunua kitu cha shilingi laki moja kinachotoa sauti ya redio ya betri. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, limepinda, na hakuna mawili yanayofanana. Hata la kulia na la kushoto la mtu mmoja hutofautiana. Ndiyo maana boksi huja na vipira vya ukubwa mbalimbali, na wengi hawavitoi hata kwenye karatasi yake.

Fanya hivi. Shika iafoni kwa mkono wa upande ule ule wa sikio. Mkono wa pili upitishe juu ya kichwa, ushike ncha ya juu ya sikio, ulivute kwenda juu na nyuma kidogo, tundu linanyooka. Fungua mdomo kama unayepiga miayo. Sukuma iafoni polepole huku ukiizungusha, kisha liachie sikio. Bila muziki wowote, sugua vidole vyako karibu na sikio: kama unausikia mchakacho wa ngozi wazi, hakujaziba. Sema neno kwa sauti ya kawaida: ukisikia sauti yako ikivuma ndani ya kichwa, kumeziba. Kama vipira vya mpira vinakataa, jaribu vya sponji, vile unavyovibana kwa vidole vikawa vyembamba, ukavitia sikioni vikafutuka taratibu vyenyewe. Vinachakaa mapema na inabidi kununua vingine, lakini kwa masikio magumu ndivyo vinavyookoa.

Ndani ya iafoni kuna nini hata bei itofautiane hivyo? Kwa ufupi kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni spika ya utando, ndugu mdogo wa spika ya redio unayoijua: utando mwembamba, koili na sumaku. Hutoa besi yenye uzito wa asili. Ya pili ni spika ya ulimi wa chuma unaotikisika katikati ya sumaku. Hii asili yake ni vifaa vya kuwasaidia wenye matatizo ya kusikia, na kampuni ya Knowles ya Marekani, iliyoanza mwaka 1946, imezitengeneza kwa miongo mingi. Ni ndogo sana, kiasi kwamba unaweza kupanga kadhaa ndani ya iafoni moja, nyingine zikashika besi, nyingine sauti za kati, nyingine sauti nyembamba. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic ya Mead Killion, mtaalamu wa usikivu, ilitoa ER-4, iafoni yenye spika moja tu ya namna hiyo, na mpaka leo watu hulinganisha iafoni mpya na ile. Mwaka 1995 Jerry Harvey aliwatengenezea wanamuziki wa Van Halen iafoni za jukwaani, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Kwa hiyo iafoni za bei kali zina wazazi wawili: kliniki ya masikio na jukwaa la roki.

Usidanganywe na hesabu ya spika. Muuzaji atakuambia hii ina nane kila upande, ile ina kumi na mbili, kana kwamba unanunua mayai. Spika moja iliyotengenezwa vizuri inazishinda nane zilizounganishwa ovyo. Iafoni ya kifahari ya Sennheiser, IE 900, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 1,299, ina spika moja tu ya utando yenye upana wa milimita 7.

Sasa nafika kwenye kiini cha swali la ndugu yetu, yaani kupatana kwa iafoni na kicheza. Hapa kuna fizikia kidogo, lakini si ngumu kwa yeyote aliyepita kidato cha pili.

Kila iafoni ina ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu. Na kila kicheza muziki nacho kina ukinzani wake mdogo kwenye tundu unapochomeka waya. Umeme unaotoka kwenye kicheza unagawanywa kati ya vitu hivyo viwili. Ukinzani wa kicheza ukiwa mdogo sana kuliko wa iafoni, karibu umeme wote unafika kwenye iafoni na sauti inabaki kama ilivyokusudiwa. Ukiwa mkubwa, sehemu ya umeme inabaki ndani ya kicheza. Hasara yenyewe ingekuwa ni sauti kupungua tu, tungeongeza na kuendelea. Tatizo ni kwamba iafoni nyingi zenye spika za ulimi wa chuma hazina ukinzani mmoja: kwenye besi ni namba hii, kwenye sauti za kati ni nyingine, kwenye sauti nyembamba ni nyingine kabisa. Matokeo yake kicheza kinakuwa kama mtu anayegusagusa vitufe vya besi na trebo bila ruhusa yako.

Nikupe mfano halisi. Mwaka 2012 kampuni ya Astell&Kern ya Korea Kusini ilitoa AK100, kicheza kilichosifiwa sana na kilichokuwa ghali. Ukinzani wake kwenye tundu ulikuwa omu 22. Mwaka uliofuata Shure ya Marekani ikatoa SE846, iafoni ya dola 999 yenye spika nne za ulimi wa chuma kila upande na ukinzani wa omu 9. Vichomeke pamoja uone. Omu 22 na omu 9, jumla 31. Zaidi ya theluthi mbili ya volti zinabaki ndani ya kicheza, na mizani ya besi na sauti za juu inavurugika. Vitu viwili ghali, kila kimoja kizuri peke yake, vikikutana vinaharibiana. Kicheza cha bei nafuu chenye ukinzani chini ya omu 1 kingeichezesha SE846 ile vizuri zaidi.

Kanuni ya mafundi ni hii: ukinzani wa kicheza usizidi moja ya nane ya ukinzani wa iafoni. Kwa iafoni ya omu 9, kicheza kisizidi omu 1 na kidogo. Kwa iafoni ya omu 45, hata omu 5 hazina neno. Ndugu wa Longisa, chukua karatasi ya maelezo ya kicheza chako, tafuta mstari wa ukinzani wa kutolea sauti, uandike namba hiyo kabla hujaangalia iafoni yoyote. Kama kicheza kina matundu mawili, la milimita 3.5 na la milimita 4.4, kila tundu linaweza kuwa na namba yake.

Kuna na jambo la pili, wepesi wa iafoni kuitikia umeme. Iafoni nyepesi sana zinapiga kelele kwa umeme kidogo tu, na hapo ndipo unaposikia mchirizo mwembamba wa kicheza chenyewe kabla hata wimbo haujaanza. Iafoni nzito, mfano ile ER-4S ya zamani yenye omu 100, zinataka nguvu, na simu nyingi hazina. Iafoni nyingi za ndani siku hizi ni nyepesi, kwa hiyo usishawishiwe kununua kicheza chenye nguvu za kuendesha spika za harusi. Kinachotakiwa ni kicheza kitulivu, chenye ukinzani mdogo, na kitufe cha sauti kinachopanda hatua ndogo ndogo.

Na hapa nitasema jambo ambalo wauza vicheza hawatalipenda. Kama bado hujanunua kicheza, pesa yako itangulie kwenye iafoni. Tofauti ya sauti kati ya iafoni mbili ni kubwa, mtoto ataisikia. Tofauti kati ya vicheza viwili vilivyotengenezwa vizuri ni ndogo, na mara nyingi haisikiki kabisa mkiwekwa gizani msijue kipi kinacheza. Adapta ya Apple ya USB-C, iuzwayo dola 9 huko Marekani, imepimwa mara nyingi na kukutwa na ukinzani wa karibu omu 1 na sauti safi. Kicheza cha mfukoni kina faida zake: betri yake haigombaniwi na WhatsApp, kina nafasi ya kadi kubwa ya kumbukumbu, na hakikatizwi na simu za kuombwa pesa. Hizo ni faida za kweli na zinatosha kukihalalisha. Lakini usikinunue ukitegemea muujiza wa sauti.

Bei je? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya vipokea sauti 283 vya kila aina, vya ndani ya sikio na vya kufunika sikio. Akatafuta uhusiano kati ya bei na mpangilio wa sauti, kutoka besi mpaka sauti nyembamba, na hakuupata. Siyo kwamba vyote ni sawa. Maana yake bei peke yake haikuambii chochote kuhusu jinsi kitu kitakavyosikika. Leo kuna iafoni za Kichina za dola 20, kama 7Hz Salnotes Zero, ambazo zina mpangilio wa sauti wa kuheshimika kabisa. Kinachonunuliwa na pesa kubwa ni mengine: ulinganifu wa spika za kulia na kushoto, waya unaoweza kubadilishwa, umbo linalokaa saa nyingi bila kuumiza, waranti, na ile hali ya kusikia vyombo vinne vikipigwa pamoja na kila kimoja ukakifuata. Ni vitu vya thamani, navithamini mwenyewe, lakini anza na ya dola 20. Isikilize mwezi mzima. Ukijua kinachokukera ndani yake, utajua unachokwenda kukinunua.

Kwa muziki wetu wa zamani, mimi naogopa iafoni zenye sauti za juu zilizonyanyuliwa. Ukitazama grafu ya vipimo vyake, angalia kati ya hezi 5,000 na 9,000. Mstari ukipanda mlima pale, mkwaruzo wa santuri ya Chandarana utakuja mbele ya mwimbaji, na kila herufi ya s itachoma. Dukani iafoni hiyo itakuvutia kwa dakika tano za kwanza, maana inaonekana kufichua kila kitu. Nyumbani, usiku wa tatu, utaivua. Besi nayo iwepo bila kufura, ili gitaa la besi la benga lisikike noti kwa noti. Jaribu wimbo wowote wa mwanamuziki Kipchamba arap Tapotuk unaoujua kwa moyo, umfuate mpiga besi peke yake toka mwanzo mpaka mwisho. Ukimpoteza njiani, iafoni hiyo si yako.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kama unaweza kuvumilia kitu kinachoingia ndani sana ya sikio, nunua Etymotic ER4XR, iliyotoka mwaka 2016. Ina omu 45, itapatana na karibu kicheza chochote, inazuia kelele za nje kuliko iafoni nyingi, na sauti ya mwanadamu inaibeba kwa ukweli ambao sijauona kwingi. Wapo wasioweza kabisa kuivaa, inawasumbua, na hilo hujui mpaka ujaribu. Kama wewe ni mmoja wao na pesa ipo, Shure SE846 ina sauti za juu tulivu na huja na vichujio vya kubadilisha mdomoni mwa iafoni, kikiwemo cha sauti yenye joto zaidi, kinachofaa sana kwa santuri za kale. Ila ile hesabu ya omu 9 usiisahau. Sennheiser IE 600 yenye spika moja ya utando na omu 18 ni nzuri kwa mwenye kupenda besi yenye mwili, ingawa juu ina ukali kidogo na lazima uisikie kwanza.

Utaisikia wapi? Longisa hakuna duka la kujaribia, na hata Luthuli Avenue, Nairobi, ambako vifaa vya elektroniki vimejaa mlango hadi mlango, si wengi watakaokufungulia boksi la iafoni ya laki moja. Tena bandia zimejaa. Shure na Sennheiser za uongo huuzwa zikiwa na boksi zuri, karatasi za maelezo, na hata namba ya usajili iliyochapishwa vizuri. Mtu akikuuzia SE846 kwa shilingi elfu sita, huhitaji fundi kukuambia ni nini. Nunua kwa muuzaji anayekubali kwa maandishi kurudishiwa mali ndani ya muda uliotajwa. Ukiagiza kutoka nje, piga hesabu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kubonyeza, ili usije ukaachia mzigo wako njiani. Na dada, shangazi au ndugu aliye Marekani au Uingereza akiwa anakuja likizo, huyo ndiye msafirishaji bora.

Bluetooth nitaipita haraka. Ni rahisi, haina waya wa kunasa kwenye vichaka vya chai, na kwa kazi hizo ni sawa. Lakini iafoni za Bluetooth zina betri ndogo isiyobadilishwa kwa urahisi, na baada ya miaka kadhaa zimekwisha. Ukitaka kitu cha kukaa, nunua cha waya, na waya uwe wa kuchomoka.

Jambo linaloharibu zaidi kuliko Bluetooth ni nyimbo zenyewe. Wengi wetu tumejaziwa memori kadi kibandani: nyimbo elfu mbili kwa shilingi mia kadhaa, zimebanwa na kubanwa tena mpaka matoazi yanasikika kama maji yanayokaangwa. Iafoni nzuri haitazitengeneza. Itakuonyesha zilivyoharibika. Tafuta nakala safi, za CD au za kununua kwa mfumo wa FLAC usioharibu sauti, na kwa muziki wa Kenya angalia kazi za Ketebul Music, waliotoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008.

Na masikio, msikilizaji. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikipanda kufika 90, muda unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Ndani ya matatu ya Bomet, injini na redio ya dereva zinakulazimisha kupandisha sauti bila kujua, na hapo ndipo iafoni inayoziba vizuri inapokulinda, kwa kuwa inakuondolea haja ya kushindana na kelele. Lakini iafoni inayoziba vizuri haikufai ukitembea kando ya barabara ile ya Narok yenye malori, wala ukiwa juu ya bodaboda. Zivue.

Mwisho nina ombi, na hili nalielekeza kwa wazee na mama zetu wa Longisa, Sotik, Litein, Kericho na kote wanakonisikia. Kama chini ya kitanda au juu ya dari kuna santuri za Chandarana, au kanda za kaseti za ngoma za kwenu, msizitupe na msiwape watoto kuchezea. Santuri zisimamisheni wima, zisilaliane, mbali na jiko na jua. Kisha mpigieni simu kijana mwenye vifaa, au studio iliyo karibu, zinakiliwe sasa wakati bado zinacheza, na nakala muweke mbili, sehemu mbili tofauti.